Asiyepimwa Hakatiwi

Bweni la Wasichana,
9 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mgongo wako umepunguza kelele. Mimi sijambo. Mafua yaliyonishika mwezi uliopita yameniachia na kuhamia kwa mwenzangu wa kitanda cha juu, ambaye ananilaumu kana kwamba nilimwazima. Msalimie Baba. Wasalimie na wateja wako wa saluni, hata yule anayelia kabla hujamgusa nywele.

Kifurushi nimekipokea. Ahsante kwa sabuni, madaftari na shati langu la shule. Ila nina swali dogo. Nimeona aibu kuliuliza, ndiyo maana nimechelewa kuandika.

Kifungo cha tatu cha shati kimeshonwa na nani?

Nakitazama kila siku kipindi cha fizikia. Mama akishona kifungo hukiinua kidogo, huzungusha uzi shingoni mwake mpaka kisimame chenyewe, kisha huukata kwa meno. Hiki kimelazwa bapa, uzi umepita msalaba, na fundo limewekwa juu, nje, kila mtu alione. Niwie radhi, Shangazi, lakini kinafanana na mwisho wa msuko.

Najua mwanzo wa mwaka Mama huwa na sare nyingi za kushona. Lakini hata mwaka ule aliposhonea shule nzima, nguo yangu hakumwachia mtu. Tena nimemwandikia yeye barua mbili, na zote umejibu wewe. Na nyuma ya bahasha umeandika anwani ya kwetu. Tangu lini unalala kwetu?

Siulizi kwa ubaya. Nauliza tu.

Mwanao,
Profesa (kama unavyopenda kuniita)


Nyumbani,
27 Februari

Profesa wangu,

Marahaba, mwanangu. Sisi wazima. Mgongo bado unadai haki zake, lakini nimeuambia usubiri foleni. Baba yako mzima, anakula, anakoroma. Yule mteja mlizi amekuja tena Jumamosi, kalia, kalipa, kasifia. Binadamu hao.

Sasa hebu nikuulize na mimi: hiyo shule mmepelekwa kusoma fizikia au kukagua vifungo? Nimekishona mimi, nakiri mbele ya umma. Nilikikuta kinaning'inia nikaona nimsaidie wifi yangu. Kimeanguka? Hakijaanguka. Basi.

Kwenu nimehamia kwa sababu paa langu linavuja, na fundi wa paa ni wa kesho na kesho kutwa. Mama yako anakusalimu sana. Vidole vinamsumbua kidogo, kalamu haishikiki vizuri, ndiyo maana naandika mimi. Usianze.

Habari nyingine ni kwamba baba yako anapaka rangi chumba cha marehemu Bibi. Ndiyo, yeye mwenyewe! Miaka yote anapaka nyumba za watu na kuta zetu zinachubuka. Nikamwambia, kaka, kinyozi hajinyoi, imekuwaje leo umekumbuka kujinyoa? Akajifanya hakusikia, akaendelea na brashi yake. Vumbi la kukwangua kuta limejaa kila mahali, kwa hiyo cherehani ya mama yako tumeifunika shuka.

Jambo la mwisho. Likizo ya Aprili usije. Baba yako amelipia masomo ya ziada hapo hapo shuleni, maana huu ni mwaka wako wa mtihani. Tutaonana Juni. Tunakusubiri kwa hamu na ghamu, mwanangu. Hapa sote roho juu.

Shangazi yako


Bweni la Wasichana,
8 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nafurahi kusikia mgongo uko kwenye foleni. Mimi sijambo, nakula, nalala, ingawa kulala kumepungua. Bwenini ameingia panya. Wenzangu wamempa cheo cha kiranja kwa sababu anakagua masanduku yetu kila usiku.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Naomba nieleze kinachonisumbua, na usinikasirikie.

Nakumbuka mara moja tu cherehani ile kufunikwa shuka. Ilikuwa Bibi alipofariki. Mimi nilikuwa hapa kwenye mitihani, na wewe ukaniandikia kwamba Bibi amechoka kidogo, anapumzika. Nilipofika nyumbani nilikuta viti vya kukodi vimepangwa uani, mvua imevinyea, na mwenye viti amekuja kuvichukua. Yeye ndiye aliyenipa pole. Ndivyo nilivyojua. Mlisema mlifanya vile ili nisome kwa utulivu. Tangu siku hiyo, Shangazi, mkiniambia nisome kwa utulivu, nafunga kitabu.

Halafu kuna lile neno. Nilikwenda maktaba nikalitafuta. Hamu nilidhani naijua. Ghamu nimeikuta kwenye kamusi, maana yake ni huzuni, majonzi. Kwa nini mnanisubiri kwa majonzi? Nilimuuliza mwalimu wetu wa Kiswahili. Akasema watu husema tu hivyo wakitaka kitu sana, hawafikirii. Kisha akaongeza kwamba zamani hata hamu yenyewe ilibeba wasiwasi ndani yake. Nikarudi bwenini nikiwa nimezidiwa.

Ninakuomba kitu kimoja. Muulize Mama nguo yangu ya kwanza kabisa aliishona kwa kitambaa gani. Jibu analijua yeye. Hahitaji kalamu, akuambie kwa mdomo, wewe uandike.

Mwanao


Nyumbani,
30 Machi

Profesa,

Marahaba. Barua yako ilichelewa, na mimi nikachelewa, tumelingana. Baba yako anakusalimu. Mvua imenyesha mfululizo, wateja hawatoki majumbani, nimekaa na chanuo langu kama mganga aliyekimbiwa na wagonjwa.

Kuhusu hiyo ghamu yako. Nimelisema neno hilo tangu sijaota meno ya nyuma, sijawahi kumuuliza ghamu analala wapi wala baba yake nani. Hamu haitoki bila ghamu, ni kama sahani na kawa. Ukianza kuchambua kila neno utakufa njaa mezani, unatafuta asili ya kijiko.

Nguo yako ya kwanza: mama yako anasema ilikuwa ya pamba nyeupe yenye maua madogo. Alikushonea hata kabla hujazaliwa, kwa vile alivyokuwa na furaha. Umeridhika?

Soma. Juni si mbali.

Shangazi yako


Bweni la Wasichana,
7 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Mimi si mzima sana.

Hukumuuliza. Umebuni.

Nguo yangu ya kwanza ilitoka kwenye bitana ya koti la Baba, ile ya bluu inayoteleza. Mama hakushona chochote kabla sijazaliwa. Wateja wakimletea kitambaa amshonee mtoto ambaye bado yuko tumboni, huwa anakirudisha. Umemsikia mara ngapi? "Asiyepimwa hakatiwi. Mlete nimwone." Nilipozaliwa hapakuwa na kitambaa ndani ya nyumba, akaamka akachana koti la Baba, na Baba akavaa koti lisilo na bitana msimu wote wa baridi. Mama hunisimulia hadithi hiyo kila ninapoumwa. Angeulizwa, angecheka kabla ya kujibu. Kwa hiyo ama hayupo nyumbani, ama yupo na hawezi kusema.

Jana mlezi wa bweni alinihurumia akaniruhusu nipige simu ofisini kwake. Nilimpata Baba. Nakuandikia yote kama yalivyokuwa.

"Baba, naomba niongee na Mama."

"Mama ametoka."

"Amekwenda wapi?"

"Amekwenda kupumzika."

"Baba, mtu hutoka nyumbani kwake akaenda kupumzika?"

"Soma, mama. We soma."

"Mama yu hai?"

Nikasikia brashi ikigonga mdomo wa kopo, unajua anavyoigonga. Kisha akasema, "Kichwa chako hicho!" akacheka, na kicheko kikakatikia katikati. Sikujua kama alikuwa anacheka au kitu kingine. Mlezi akanyoosha mkono kutaka simu yake.

Wahenga wanasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Nimekaa nikafikiria mengi mabaya. Nimefikiria hata kwamba chumba kile kinapakwa rangi kwa ajili ya mke mwingine. Ndiyo, nimelifikiria, na nimeona aibu, lakini ninyi ndio mnaoniacha na kuta tupu nizijaze mwenyewe.

Nimeanza kupanga nguo zangu. Ikifika Ijumaa ya wiki ijayo sijapata ukweli, nitapanda basi, mtihani au hakuna mtihani.

Mimi


Nyumbani,
15 Aprili

Mwanangu,

Barua hii nimempa dereva wa basi mkononi, nimeifunga kwa gundi ya nywele bandia. Mlezi akiifungua kabla yako, basi na aisome, lakini mwambie na yeye aufunge mdomo kwa gundi hiyo hiyo.

Fungua sanduku, rudisha nguo. Mama yako yu hai. Mke mwingine! Baba yako mke mmoja tu anamtetemesha, wa pili amweke wapi? Nimecheka mpaka nikashika ukuta, na ukuta ulikuwa na rangi mbichi.

Sasa kaa chini.

Mama yako ni mjamzito. Yuko hospitalini tangu Januari, amelazwa, miguu imeinuliwa kwa mto. Daktari amemkataza ngazi, ndoo, na zaidi ya vyote pedali ya cherehani. Wewe unajua kwamba baada yako walikuwepo wengine watatu ambao hawakufika. Wa mwisho mtaa mzima ulijua. Watu walileta vitambaa, walileta majina. Baadaye akawa hawezi kwenda dukani, kila mlango kuna mtu anamwambia pole. Alishona ndani miezi, mapazia yamefungwa. Ulikuwa mdogo, ulidhani ni jua linamuumiza macho.

Safari hii katuapisha. Mtoto asitajwe mpaka alie. Wahenga walisema mficha uchi hazai, wifi yangu kaamua kuwakosoa wahenga.

Na kuhusu wewe nitakuambia alivyosema, maana umenibana. Nilimwambia, wifi, huyu mtoto si mjinga, tumwambie. Akasema: "Hapana. Nikimpoteza na huyu, ninyi wote mtanitazama kwa macho yale. Nataka abaki mtu mmoja tu ambaye hajui. Akija Juni anitazame kama zamani, aniulize chakula kiko wapi."

Hiyo ndiyo kazi uliyokuwa umepewa, Profesa. Kutokujua. Na umeikataa kwa sababu ya kifungo.

Sikulaumu. Tulikudanganya kuhusu Bibi, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini nikuambie jambo kuhusu lile neno lako. Kila asubuhi naamka nikitaka siku ile ifike hata leo. Kabla sijavaa viatu naomba isifike, maana isipofika hakuna baya lililotokea. Baba yako kazima simu jana akiogopa hospitali itapiga, halafu akaiwasha akiogopa isije ikapiga akakosa. Sasa nenda maktaba, uniletee jina la ugonjwa huo.

Shangazi yako


Bweni la Wasichana,
22 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimerudisha nguo sandukuni. Nimelia kidogo nyuma ya maktaba, kisha nikanawa uso.

Naomba msimwambie Mama kwamba najua. Nimetafuta njia ya kuirudia kazi yangu, na nimeona ni hii: nitakuwa yule asiyejua. Nitamwandikia habari za panya. Nitamwomba pesa ya kalamu, nitalalamika kuhusu maharage. Nitamuuliza mbona hajibu, kama mtoto mwenye deko. Wewe umsomee.

Na mimi msiniambie kitu. Naogopa barua zako sasa kuliko nilivyozidai. Nimefanya hivi: shati langu nimelirudisha kwa mkono wa dereva. Kile kifungo chako nimekifumua, nimekiweka mfukoni mwa shati. Mambo yakiisha, mpeni Mama akishone. Nikikiona kimesimama na uzi umezungushwa shingoni, nitajua yeye yupo. Kuhusu yule mwingine sitauliza.

Jina la ugonjwa sijalipata. Nimeupata wenyewe.

Mwanao


Nyumbani,
11 Mei

Profesa,

Marahaba. Sisi wazima. Mvua imekatika. Baba yako amepaka kile chumba mara ya tatu, eti rangi ya pili ilikuwa inamkodolea macho. Nimemwambia akipaka ya nne chumba kitakuwa kidogo, hatutaingia.

Barua zako kwa mama yako ninazipeleka. Ya yule panya kiranja aliyekula tangazo la ukaguzi ilimchekesha mpaka muuguzi akaja kunifukuza mimi. Shati nimempelekea, limekunjwa kwenye kabati la pembeni mwa kitanda. Hakuuliza kitu. Alilinusa tu, akasema mnafua kwa maji ya chumvi.

Mengine hayapo.

Shangazi yako


Bweni la Wasichana,
5 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Naandika ingawa hujaandika. Najua nilisema msiniambie kitu. Sikujua kwamba kutoambiwa kunaweza kuwa kwingi hivi.

Leo mlezi wa bweni ameniita "mwanangu". Hajawahi. Kwake mimi ni "wewe wa kitanda cha dirishani". Nikajiuliza, amepokea simu? Amesoma kitu? Mbona amenipa kipande kikubwa cha mkate? Mchana nikamwona anamwita kila mtu mwanangu, nikagundua mkaguzi wa elimu alikuwa anapita. Nimekuwa mtu wa kushuku mkate, Shangazi.

Shati la kuazima ninalovaa lina vifungo vyote. Nimevikagua. Ni vya mashine.

Dereva amekuja mara mbili bila kifurushi. Mara ya kwanza nilishukuru. Mara ya pili nilimchukia, maskini, hajafanya lolote. Wakati basi linaingia getini nilikimbia kulifuata, na nilipofika karibu nikasimama katikati ya njia. Mwenzangu wa kitanda cha juu akasema, "Una haraka au una woga? Amua moja, unatuzibia njia." Sikuweza kuamua.

Tunafunga shule Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Kama sitapokea shati mpaka siku hiyo nitakuja hivyo hivyo, na nikifika mlangoni nitauliza chakula kiko wapi.

Mwanao


Hospitalini, kwenye benchi,
18 Juni

Profesa wangu,

Marahaba, marahaba. Andiko langu baya leo, naandikia gotini. Baba yako amelala hapa pembeni ameegemea bega langu, na ana rangi masikioni.

Shati lako hilo. Kwanza kiangalie kifungo, najua hutasoma neno lolote kabla hujakiangalia. Umekiona kilivyosimama? Uzi umekatwa kwa meno. Nilimpa mama yako kalamu akuandikie, akairudisha, akaomba sindano. "Atajua," akasema.

Na jua kwamba hukumdanganya hata siku moja. Anasema barua zako za panya zilikuwa na furaha mno, wewe hujawahi kufurahi kiasi kile tangu uzaliwe. Alijua tangu ya kwanza. Lakini alipenda ulivyojitahidi, akanikataza nisikuambie. Katika familia hii kila mtu anamficha mwenzake anachokijua mwenzake.

Sasa kitazame kifungo vizuri. Kimekuwa cheupe zaidi ya wenzake, sivyo? Si kile ulichotuma. Ni kipya, nimekinunua dukani mimi mwenyewe. Kile cha zamani kilichokuwa mfukoni amekichukua yeye, na kiko kwenye nguo nyingine. Nguo yenyewe si kubwa, inaenea kwenye kiganja changu na nafasi inabaki. Kitambaa ni bluu, kinateleza. Baba yako anasema hakujua koti lile lilibakiwa na bitana ndani ya mikono yake.

Ameishona kwa mkono, kitandani, maana cherehani bado imefunikwa nyumbani, na muuguzi bado anatukataza kushangilia. Mwenye nguo ni mdogo, wamemweka kwenye kisanduku cha joto, wanamhesabia pumzi. Usiku mwingine hatusinzii. Kwa hiyo ile ghamu yako usiitupe, uje nayo Ijumaa, ina kazi hapa.

Lakini nilikuwepo jana walipomtoa kidogo wakampa mama yake. Aliomba futi yake ya kupimia. Nikamwambia, wifi, subiri apate nguvu. Akaizungusha kifuani pa mtoto, futi ikawa ndefu, ikabaki inaning'inia mpaka sakafuni. Mtoto akapiga mateke, akalia, vipimo vikaharibika, akaanza upya. Alimpima mpaka akaridhika, hakukosea hata bega.

Unamjua mama yako. Asiyepimwa hakatiwi. Na huyu, mwanangu, amekatiwa.

Shangazi yenu